Miwani ya uhalisia pepe na mtoto mwenye usonji: Kabla hujakopa, soma hapa

*Teknolojia hii imewasaidia baadhi ya watoto kushinda hofu zilizowafungia ndani. Lakini ukichunguza ilivyofanya kazi, utagundua kuwa sehemu kubwa ya dawa ilikuwa mtu mzima aliyekaa pembeni ya mtoto.*

Jumapili moja jioni dada yangu alinitumia video kwenye WhatsApp, kisha akapiga simu kabla hata sijaifungua.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye mwandishi wa afya? Hebu iangalie hiyo halafu uniambie kama ni kweli. Nataka nikope kwenye kikoba."

Video ilionyesha mtoto wa Kizungu aliyevaa miwani mikubwa iliyofunika nusu ya uso. Alikuwa sebuleni kwao, anageuza kichwa kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Maandishi ya chini yalidai kuwa mtoto huyo ana usonji na kwamba miwani hiyo "imemfungua". Dada alikuwa ameshaulizia bei Kariakoo. Aliambiwa ni zaidi ya Sh1 milioni.

Mtoto wake wa pili ana miaka tisa. Jina lake nalihifadhi. Nyumbani tunamwita Babu kwa kuwa alirithi jina la babu yetu. Alibainika kuwa na usonji akiwa na miaka minne. Anaongea vizuri, anasoma, na anajua rangi ya mstari wa kila daladala inayopita kwao na inakoelekea.

Lakini hapandi. Konda akigonga bodi, honi ikalia na muziki ukafunguliwa, Babu anaziba masikio, anakaa chini palepale kituoni na kupiga mayowe. Watu wanamzunguka. Wengine wanamwambia dada amchape, wengine wanamwambia ampeleke akaombewe. Shule iko vituo vinne tu kutoka nyumbani, lakini kwa miaka miwili sasa anapelekwa na kurudishwa kwa bajaji ya kukodi, na kila mwisho wa mwezi hesabu zinamshinda mama yake.

Kwa hiyo swali lake lilikuwa zito: je, deni la zaidi ya milioni moja litampandisha Babu daladala?

Nilimwomba anipe wiki mbili. Haya ndiyo niliyomrudishia, na nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake katika kutumiwa video za namna hiyo.

Uhalisia pepe ni nini?

Uhalisia pepe ni mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta ambayo mtu anayaona yamemzunguka, kana kwamba yumo ndani yake. Ukigeuza kichwa kulia, unaona kilichopo kulia. Ukiangalia juu, unaona anga au dari. Mara nyingi mtu huvaa miwani maalumu yenye vioo viwili vidogo, kimoja kwa kila jicho, pamoja na vifaa vinavyofuatilia kichwa chake kinavyosogea. Njia nyingine ni kuingia katika chumba ambacho kuta zake zinaonyesha picha pande zote.

Vijana wengi wanaifahamu kupitia michezo ya kompyuta. Marubani na madaktari wa upasuaji nao hujifunzia humo, kwa sababu ambayo mzazi yeyote ataielewa: ukikosea, hakuna anayekufa.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyowavuta watafiti wa usonji.

Kwa nini watoto wenye usonji?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema katika utoto. Inagusa namna mtu anavyowasiliana, anavyochangamana na wengine na anavyopokea sauti, mwanga, harufu au mguso. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Haisababishwi na malezi mabaya wala laana, na tafiti kubwa zimeonyesha kuwa haisababishwi na chanjo.

Watoto wenye usonji hawafanani. Kuna anayeongea bila kukoma na kuna asiyetamka neno. Kuna anayehitaji msaada kidogo tu, na kuna atakayehitaji mtu wa kumsaidia maisha yake yote.

Hata hivyo, kuna jambo linalowakuta wengi wao, nalo ni wasiwasi mkubwa. Kwa baadhi, wasiwasi huo hujikusanya kwenye kitu kimoja na kuwa hofu iliyopitiliza: mbwa, nyuki, lifti, choo cha shule, basi lililojaa. Familia nzima huanza kupanga maisha kwa kukikwepa kitu hicho. Mtoto anakosa shule, mama anaacha kazi, ndugu hawatembelewi.

Njia inayojulikana ya kutibu hofu ya aina hiyo ni kumkutanisha mtu na kile anachokiogopa kidogokidogo, akiwa salama, mpaka ubongo uzoee. Kwa watu wengi, mtaalamu huanza kwa kumwambia mgonjwa afumbe macho na avute picha ya kitu hicho kichwani. Baadhi ya watoto wenye usonji hupata taabu kuvuta picha ya namna hiyo. Ukimwambia "fikiria uko kwenye basi", anakujibu kuwa yuko kwenye kiti ofisini kwako.

Na ukimpeleka kwenye basi lenyewe, huwezi kulipunguza sauti. Huwezi kumwambia konda asigonge, wala abiria wasisukumane.

Ndani ya uhalisia pepe unaweza kuyafanya yote hayo. Basi linaweza kuanza likiwa tupu, limesimama, halina sauti. Kesho likawa na abiria wawili. Keshokutwa likawasha injini. Mtoto akizidiwa, picha inazimwa kwa kidole.

Wazo lenye umri wa karibu miaka 30

Teknolojia hii ni kongwe kuliko video za WhatsApp. Mwaka 1996, mtafiti Dorothy Strickland na wenzake wa North Carolina, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwajaribu watoto wawili wenye usonji, mmoja wa miaka saba na nusu na mwingine wa miaka tisa. Waliwavisha kofia za uhalisia pepe za wakati huo, zilizokuwa nzito na zenye picha duni, wakawaonyesha barabara yenye magari.

Swali la kwanza lilikuwa kama watoto hao wangekubali hata kuvaa kofia. Walikubali. Waliweza kuyatambua magari na rangi zake, na kukitafuta kitu walichoelekezwa ndani ya barabara hiyo ya kompyuta.

Miaka michache baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, akiwamo Sarah Parsons na Peter Mitchell, walitengeneza mgahawa na basi kwenye kompyuta ya kawaida ili vijana wenye usonji wajifunze jambo ambalo wengi wetu hatukumbuki tulijifunza lini: ukiingia mahali pamejaa watu, unakaa wapi? Unamwombaje mtu nafasi? Kijana angeweza kukosea mara 20 na kompyuta isimkasirikie.

Watafiti wa Israel nao waliwafundisha watoto wenye usonji kuvuka barabara kwenye kompyuta. Baadhi waliweza kuhamishia ujuzi huo kwenye barabara ya kweli. Naomba ulishike neno hilo "baadhi", kwa sababu tutalikuta tena.

Chumba cha Bluu

Mfano ulionisaidia zaidi kulijibu swali la dada unatoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, wakiwamo Dk Morag Maskey na Profesa Jeremy Parr, walishirikiana na kampuni ya teknolojia ya Third Eye katika mji mdogo wa Consett. Wanatumia chumba kinachoitwa Blue Room, yaani Chumba cha Bluu.

Ndani ya chumba hicho mtoto havai miwani yoyote. Kuta zenyewe ndizo zinazoonyesha picha zinazomzunguka, na sauti nazo husikika humohumo. Jambo hilo ni muhimu, kwa sababu watoto wengi wenye usonji hawavumilii kitu kizito kichwani au usoni.

Mtoto haingii peke yake. Anaingia na mtaalamu wa saikolojia aliyeshika kishikwambi. Kabla ya hapo, mtaalamu ameshakaa na mtoto na mzazi kutambua hofu ni ipi hasa na inaanzia wapi. Mandhari hutengenezwa kwa ajili ya mtoto huyo. Mwenye hofu ya basi anapata basi. Mwenye hofu ya njiwa anapata njiwa. Asiyeweza kuongea na muuzaji dukani anapata duka.

Mtoto pia hufundishwa kwanza namna ya kujituliza: kupumua taratibu, kulegeza misuli, kuitambua hofu inapopanda. Halafu mandhari inaanza kwa kiwango cha chini kabisa. Akitulia, wanapanda ngazi moja. Akishindwa, wanarudi. Mzazi anaweza kuwa anatazama, akijifunza maneno na mbinu anazotumia mtaalamu.

Vipindi vikiisha, kazi inahamia nje. Mzazi anamtoa mtoto na kumpeleka kwenye basi la kweli au duka la kweli, kwa hatua ndogo zilezile.

Namba zinasemaje?

Mwaka 2014 timu hiyo ilichapisha matokeo ya watoto tisa wa kiume, wenye umri wa miaka 7 hadi 13. Kila mmoja alipata vipindi vinne vya dakika 20 hadi 30. Wanane kati ya tisa waliweza kuikabili hali waliyokuwa wakiiogopa, na wanne kati yao hofu iliisha kabisa. Mwaka mmoja baadaye mafanikio hayo yalikuwa bado yapo.

Ukiishia hapo, utakimbilia kikoba. Lakini watoto tisa ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Kwa hiyo watafiti wakafanya utafiti mwingine, matokeo yakatoka mwaka 2019. Safari hii walikuwa watoto 32 wenye umri wa miaka 8 hadi 14. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likatibiwa na jingine likasubiri zamu.

Wiki mbili baada ya tiba, watoto wanne kati ya 16 waliotibiwa walionekana kupata nafuu ya wazi. Katika kundi lililosubiri hakuna hata mmoja. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walifikia sita kati ya 16, na kwenye kundi la kusubiri bado hakukuwa na mtu. Watoto watano wa kundi hilo hofu yao ilikuwa hata imeongezeka, wakati kwa waliotibiwa aliyerudi nyuma alikuwa mmoja.

Nilimsomea dada namba hizo kwenye simu. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo sita wamepona, kumi hawajapona?"

Ndiyo, ukizichukua kwa haraka. Ila kuna mambo mawili hapo. La kwanza, watoto sita waliopata nafuu ya wazi baada ya vipindi vinne tu ni matokeo ya kutia moyo, hasa ukikumbuka kuwa hofu ikiachwa hivihivi inaweza kukua. La pili, idadi ya waliofaulu iliongezeka baada ya tiba kwisha, yaani katika miezi ambayo hawakuwa tena ndani ya chumba. Watoto walikuwa wametoka na mbinu, na maisha ya nje yakaendelea kuwa darasa.

Kuna jambo la tatu ambalo mzazi hapaswi kulipita. Watoto tisa wa utafiti wa kwanza walikuwa wanazungumza kwa ufasaha na hawakuwa na ulemavu wa kujifunza. Mzazi wa mtoto asiyezungumza, au mwenye changamoto kubwa ya uelewa, hawezi kuyachukua matokeo hayo kana kwamba ni ya mwanawe.

Sanduku la dukani si Chumba cha Bluu

Hapa ndipo video ya dada ilipoachana na ukweli. Miwani aliyoulizia Kariakoo ni kifaa cha michezo ya kompyuta. Ndani yake hamna mwanasaikolojia, hamna mandhari iliyopangwa kwa ajili ya hofu ya Babu, na hamna mtu wa kuamua lini apande ngazi na lini arudi.

Zipo kampuni zinazotengeneza masomo ya uhalisia pepe kwa ajili ya watu wenye usonji. Floreo ya Marekani ni mojawapo. Lakini hata huko, mtu mzima anakuwa na kishikwambi chake, anaona anachokiona mtoto, na anaongoza somo hatua kwa hatua.

Kabla ya kutoa fedha, mzazi ajiulize haya:

*Umri.* Kampuni ya Meta, inayotengeneza miwani ya Quest, imeweka umri wa chini kuwa miaka 10, na wa miaka 10 hadi 12 hutumia akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony, kwa miwani ya PlayStation, inasema ni kuanzia miaka 12. Babu ana miaka tisa. Mwenye duka hakumwambia dada jambo hilo.

*Kifafa.* Kifafa huonekana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na watengenezaji wa miwani hii huonya kuwa mwanga unaomweka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu. Kama mtoto amewahi kuanguka au kukakamaa, muulize daktari kwanza.

*Kichefuchefu.* Macho yanapoona mwendo ambao mwili hausikii, watu wengine hupata kizunguzungu na kutapika. Mtoto asiyeweza kujieleza anaweza kuteseka bila wewe kujua.

*Uzito na mguso.* Kama mtoto havumilii kofia, miwani ya jua au kunyolewa, usitarajie akubali kitu kinachobana kichwa chote.

*Barabara ya nani?* Hili nililigundua nikiwa natazama somo la kuvuka barabara lililotengenezwa Marekani. Kule magari hutembea upande wa kulia, kwa hiyo mtoto anafundishwa kuangalia kushoto kwanza. Hapa kwetu magari hutembea kushoto, na gari lililo karibu nawe linatokea kulia. Mtoto mwenye usonji anaweza kushika kanuni neno kwa neno. Ukimfundisha kanuni ya barabara ya Marekani kisha ukamwachia barabara yetu, umemweka hatarini. Na katika masomo hayo hakuna bodaboda inayokuja kinyume cha njia.

*Anayesimamia ni nani?* Kama jibu ni "atacheza mwenyewe nikiwa jikoni", fedha hiyo itunze.

Kinachoweza kubebwa bila miwani

Nilipomaliza kusoma, nilichukua karatasi nikaandika mambo yaliyofanya Chumba cha Bluu kisaidie: hofu moja iliyotambuliwa vizuri, mbinu za kujituliza zilizofundishwa mapema, ngazi ndogondogo, uwezo wa mtoto kusimamisha zoezi, mtu mzima mtulivu pembeni, na mazoezi ya kweli nje. Teknolojia inarahisisha ngazi zile za chini. Mengine yote ni kazi ya watu.

WHO nayo ina mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ukiwamo usonji. Yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yapo pia mtandaoni bila malipo. Moyo wake ni huohuo: kutumia michezo na shughuli za kila siku za nyumbani, na kukigawa kila kitu kigumu katika hatua ambazo mtoto anaziweza.

Kwa hiyo mimi na dada tulimshirikisha mtaalamu wa kliniki anakohudhuria Babu, kisha tukatengeneza ngazi ya daladala. Nawapa kama mfano. Hofu ya mtoto wako itakuwa na ngazi zake.

1. Kuangalia picha za daladala kwenye simu.
2. Kuangalia video ya daladala bila sauti.
3. Video ileile, sauti ikiwa chini, kisha ikipanda kidogokidogo.
4. Kusimama ng'ambo ya kituo kwa dakika tano, wakati hakuna watu wengi.
5. Kusimama kituoni penyewe.
6. Kukaa ndani ya daladala iliyoegeshwa, injini imezimwa.
7. Kukaa ndani injini ikiwa inaunguruma.
8. Kupanda kituo kimoja.
9. Vituo viwili, kisha vitatu.
10. Mpaka shuleni.

Kanuni zake ni chache. Hampandi ngazi mpya mpaka ya chini iwe imezoeleka. Mtoto ana ishara ya kusema "basi", na akiitoa inaheshimiwa palepale. Kila ngazi inayofaulu inapongezwa. Na hakuna kumbeba kwa nguvu. Mtoto akiburuzwa ndani ya kitu anachokiogopa, mara nyingi anachojifunza ni kumwogopa na aliyemburuza.

Kumbuka pia kuwa kwa baadhi ya watoto kelele inaumiza kweli, na si hofu tupu. Kumvalisha vizuia kelele vya masikioni hakumdekezi. Ni sawa na kumpa miwani asiyeona vizuri. Na kama mtoto wako hujigonga kichwa, hujiuma au hukimbilia barabarani anapozidiwa, usianze ngazi yoyote ya nje bila mtaalamu. Anza na kliniki ya watoto katika hospitali iliyo karibu, uliza kama kuna mwanasaikolojia au mtaalamu wa tiba ya mazungumzo, na kama hayupo omba rufaa.

Babu kituoni

Mazungumzo yale na dada yalikuwa miezi minne iliyopita. Kikoba hakukopa. Alinunua vizuia kelele vya masikioni, na mimi nikachangia kwa kwenda kituoni asubuhi moja kurekodi video za daladala za njia yao, kwa sababu Babu alizikataa za mtandaoni. "Hizo si za kwetu," alisema. Mstari wake haukuwa wa rangi sahihi.

Ngazi tatu za kwanza zilimchukua wiki mbili. Ya nne ikachukua wiki tatu. Kwenye ya tano, konda mmoja aligonga bodi karibu kabisa na sikio lake, na tukarudi mpaka kwenye video zenye sauti ya chini. Dada alilia siku ile. Aliniambia kama angekuwa na ile miwani, angalau konda asingekuwepo. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hapo alikuwa sahihi.

Kilichotuvusha ngazi ya sita ni dereva mmoja anayegeuzia gari karibu na kwao. Dada alimweleza hali ya mtoto, naye akawa anaturuhusu Jumamosi mchana, abiria wakiwa wachache, Babu akae siti ya mbele gari likiwa limezimwa. Alikaa dakika mbili. Jumamosi iliyofuata saba. Iliyofuata aliuliza kwa nini injini haiwashwi.

Wiki iliyopita nilikwenda nao. Babu alivaa vizuia kelele vyake, akashika mkono wa mama yake, akapanda. Konda alikuwa ameombwa, na safari nzima alimwita dereva kwa mdomo. Tulishuka kituo cha pili. Shati la Babu lilikuwa limelowa jasho mgongoni na mikono ilikuwa inatetemeka, lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake.

"Mama mdogo," aliniambia, "konda hajagonga."

Shule bado iko mbele vituo viwili, na Jumatatu alikwenda kwa bajaji kama kawaida. Jumamosi hii wanajaribu kituo cha tatu.